Mwenye Kikohozi Ndiye Mwenye Habari

Wakati wa Ebola, safari ya kutoka Butembo kwenda Beni, mashariki mwa Kongo, ilikuwa ya kushuka na kupanda gari. Kule Kangote, kwenye lango la kaskazini la Butembo, abiria walishuka, wakanawa mikono kwa maji ya klorini, wakapanga mstari, wakanyooshewa kipimajoto kwenye paji la uso, wakapanda. Kule Mukulya wakashuka tena. Mbuzi waliofungwa juu ya mizigo hawakushuka popote. Nilikuwa mmoja wa vijana walioshika vile vipimajoto. Nilikuwa nimesomea udaktari wa mifugo hapo hapo Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, lakini mwaka 2018 kazi ya kutibu ng'ombe ilikuwa haba, na kazi ya kupima watu homa ilikuwa tele.

Kando ya ndoo zetu lilisimama bango lenye picha za popo, nyani na swala wa msituni, kila mmoja amepigwa mstari mwekundu. Ujumbe ulikuwa wazi: usiguse, usile, maana kifo kinatoka porini. Siku moja muzee aliyekuwa akirudi Beni alilitazama lile bango kwa muda, mikono ingali ikichuruzika maji, halafu akaniuliza: "Dokta, na nyani nao wana bango lao? Wamemchora nani?" Mstari mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikampima, akapita.

Kwa mtu aliyesomea wanyama, utani ule ulikuwa na jibu. Kwenye bango la nyani tungechorwa sisi.

Mwaka 1966, kule Gombe nchini Tanzania, sokwe walipatwa na ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio, wakati polio ilikuwa imewashika watu wa upande wa Kigoma. Mwaka 1988, nchini Rwanda, gorila majike sita wa milimani walikufa kwa maradhi ya mapafu. Surua ilishukiwa, na madaktari wakawachanja makumi ya gorila kwa sindano za kurushwa kama mishale. Mwaka 2009, huko huko Rwanda, kundi la gorila liitwalo Hirwa liliugua karibu lote. Jike mmoja na mtoto wakafa, na vipimo vikaonyesha kirusi cha binadamu ambacho mtoto wa mjini hukipata, akatoka kamasi juma moja, akapona. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale, Uganda, sokwe 5 kati ya 56 wa kundi moja walikufa kwa kirusi cha mafua ambacho mpaka hapo kilidhaniwa ni cha watu peke yao.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Bwindi. Mwaka 1996 kundi moja la gorila lilianza kunyonyoka manyoya na kujikuna, ngozi ikawa nyeupe na ngumu. Ulikuwa upele, ule ule unaowasumbua watoto wetu wanaolala wanne kwenye mkeka mmoja. Mtoto wa gorila akafa. Wengine walitibiwa wakapona. Gladys Kalema-Zikusoka, ambaye mwaka huo ndio alikuwa ameajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyama katika hifadhi za taifa za Uganda, alifuatilia hadi vijijini. Gorila wale walizoea kutoka msituni na kula migomba ya watu, na mashambani mlikuwa na sanamu za kuwafukuzia wanyama, zimevikwa nguo kuukuu za wenye mashamba. Ikadhaniwa kwamba gorila waliushika upele kwa kushika nguo hizo. Kama ni hivyo, hakukuhitajika mtalii wa kuwasogelea kupita kiasi wala askari wa kuwakoholea. Shati bovu lililotundikwa kwenye mti lilitosha. Mwaka 2003 daktari huyo alianzisha shirika la kushughulikia afya ya watu wanaoishi kando ya Bwindi, kwa hoja kwamba ukitaka kumponya gorila lazima uanze na nyumba iliyo jirani naye.

Ukiwa Beni au Butembo, ujirani huo si habari ya mbali. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika, ina sehemu yake ya kaskazini hapa kwetu. Upande wa mashariki wa Beni, kuelekea Ruwenzori, kuna sokwe. Upande wa Butembo, juu ya Ziwa Edward, kuna Mlima Tshiabirimu wenye zaidi ya mita 3,000, na juu yake kikundi kidogo cha gorila wa nyanda za chini wa Mashariki ambacho kwa miaka mingi hakikufika hata kumi. Kusini zaidi, Kasugho katika eneo la Lubero, kuna kituo cha GRACE kinacholea gorila yatima walionyang'anywa majangili. Mwaka 2024 majike wanne waliolelewa pale waliachiwa huru Tshiabirimu, ili kile kikundi kipate damu mpya.

Hebu fikiria maana yake kwa daktari. Mnyama aliyelelewa na watu, akapokea chakula kutoka mikononi mwa watu na kuvuta pumzi yao, anapelekwa kwa ndugu zake ambao hawajawahi kuishi na mtu. Ndiyo maana kabla ya hatua kama hiyo gorila hupimwa kifua kikuu na minyoo, hutolewa damu, hutengwa kwa muda, na juu ya yote hufanyiwa kile wataalamu wanachokiita tathmini ya hatari. Nitaeleza inavyofanyika, ila kwanza nirudi barabarani, maana mimi tathmini ya hatari nilifundishwa na wasafiri.

Kangote ilinifundisha juu ya homa inayofichwa. Kazi yetu ilikuwa kumkamata mwenye nyuzijoto 38 na kuendelea. Haukupita muda mrefu tukagundua kwamba watu wanameza parasetamoli kabla ya kufika kwetu. Waendesha pikipiki walijua njia za mashambani zinazozunguka kizuizi, na wengine walizifanya biashara. Mgonjwa halisi alikuwa na sababu zote za kutotuona, na mtu mzima wa afya ndiye aliyesimama kwenye mstari kwa utulivu, akanawa, akapimwa, akaandikwa kwenye daftari. Jioni tulipeleka hesabu ndefu ya watu waliopimwa. Hesabu ilikuwa ya kweli, na ilituambia machache.

Wageni wengi walisema huo ni ujinga. Haukuwa ujinga. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi tangu Oktoba 2014, na waliona dunia imekaa kimya. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, magari meupe yakaja kwa misururu. "Tulipochinjwa mlikuwa wapi?" Swali hilo niliulizwa mara nyingi kuliko swali lolote juu ya virusi. Tarehe 26 Desemba mwaka huo tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikawa moja ya sababu zilizotolewa. Basi, hata aliyekuwa anaamini ugonjwa upo akaanza kusita. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi akiwa kwenye hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Kulikuwa na mama mchuuzi wa mawese aliyepita kwetu mara kwa mara, hata tukazoeana. Nilimwuliza kwa nini watu hawasemi wanapojisikia vibaya. Akanijibu bila kupepesa: "Mwanangu, nikikuambia kichwa kinaniuma, leo sitauza. Kesho nyumba yangu itapuliziwa dawa majirani wakiangalia. Keshokutwa nani atanunua mafuta yangu? Nikinyamaza, labda ni malaria tu, itaisha." Nilipoipiga ile hesabu yake niliona imekaa sawa. Homa nyingi za kwetu ni malaria kweli. Uwezekano wa kuwa na Ebola ulikuwa mdogo, hasara ya kusema ilikuwa ya uhakika. Mama yule hakuwa na jedwali wala kompyuta, lakini alikuwa amefanya tathmini ya hatari kamili, tena yenye kitu ambacho yetu haikuwa nacho: bei ya kusema kweli.

Wazee wetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inamlaumu anayeficha. Haimgusi aliyefanya ukweli uwe ghali. Na nilishuhudia kwamba bei ikishuka, watu husema. Beni walileta vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa akawa anaonekana kitandani, mke au mama anasimama nje akimsemesha kupitia ukuta. Uvumi kwamba watu wanatolewa viungo mle ndani ukapungua sana, maana kila mtu alikuwa anaona. Vijana wa mitaa wakaajiriwa mahali pa wageni. Chanjo ikafika, na zaidi ya watu 300,000 wakachanjwa. Familia zikaanza kuleta wagonjwa wao mapema. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 wamekufa. Siamini kwamba vipimajoto vyetu ndivyo vilivyoizuia namba hiyo isipande zaidi. Kilichosaidia ni kwamba, kidogo kidogo, kusema "naumwa" kuliacha kuwa kujimaliza.

Baadaye nilipata nafasi ya kukaa na wenzangu wa fani katika mikutano ya kupima hatari ya magonjwa ya watu kwa wanyama wa msituni. Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Unaorodhesha magonjwa. Kwa kila ugonjwa unajiuliza mambo matatu: nani anaweza kuwa nao hapa kijijini au kazini, utapita njia gani hadi umfikie mnyama, iwe pumzi, kinyesi, mkono, nguo au maganda ya ndizi yaliyotupwa, na ukimfikia, utamfanya nini yeye na kundi lake. Kila swali unalipa alama, unazijumlisha, na kisanduku unakipaka rangi. Kijani maana yake endelea, njano maana yake jihadhari, nyekundu maana yake simama.

Kama ilivyotarajiwa, kila mtu alianza na Ebola. Tulikuwa Kivu Kaskazini, tungeanzaje na kingine? Na woga ule ulikuwa na msingi. Kule Lossi, Kongo-Brazzaville, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ebola iliua gorila wanaokadiriwa kufika 5,000 katika eneo moja. Watafiti waliojaribu kukadiria yatakayotokea ikiingia kwa gorila wa milimani waliozoea watu walipata jibu la kutisha: bila chanjo, chini ya moja ya tano wangebaki hai baada ya siku 100. Gorila jike huzaa takriban mara moja kwa miaka minne, kwa hiyo pengo la namna hiyo halizibiki katika maisha ya mtu mmoja.

Juu ya hayo, Butembo ilitufundisha jambo jipya. Mlipuko uliotangazwa hapo tarehe 7 Februari 2021 ulitoka kwa watu. Chembe za kirusi zilipochunguzwa zilionekana kuwa ndugu wa zile za 2018 hadi 2020, zilizokuwa zimelala kwenye mwili wa mtu aliyepona. Beni nayo ikapata mlipuko Oktoba mwaka huo huo, na mgonjwa mmoja tena Agosti 2022. Maana yake, njia ya lile bango, kutoka porini kwenda kwa mtu, imepata mwenzake. Ebola inaweza kuanzia sebuleni, na kinadharia inaweza kuelekea msituni. Hadi leo hakuna tukio lililothibitishwa la mtu kumwambukiza gorila Ebola, na ndiyo sababu mbele ya swali la uwezekano tuliandika alama ndogo, na mbele ya swali la madhara tukaandika kubwa kuliko zote.

Halafu tukafika kwenye mafua, na mazungumzo yakapoa. Mafua nani anayaogopa? Lakini alama zilipojumlishwa, mafua, nimonia na surua vilipanda juu ya orodha. Wakati dunia nzima inaitazama Ebola yetu, surua ilikuwa inazunguka Kongo nzima: kuanzia mwanzoni mwa 2019 hadi mapema 2020 zaidi ya watu 310,000 walidhaniwa kuugua na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Ni vifo vingi kuliko vya Ebola, na havikupata magari meupe. Mtoto mwenye surua anamwambukiza baba yake asiyewahi kuchanjwa. Baba yake huyo ndiye anayeamka alfajiri kufuata nyayo za gorila. Njia ni fupi hivyo. Ebola lazima ivuke vizuizi vingi ili imfikie mnyama. Kikohozi kinapanda mlima kila asubuhi kimevaa buti.

Sheria zipo. Wataalamu wa kimataifa wanashauri mita 7 kati ya mtu na gorila, na siku hizi 10, pamoja na barakoa. Mwenye dalili za ugonjwa haruhusiwi kwenda. Virunga waliwavisha wageni barakoa miaka mingi kabla ya Covid-19, na Machi 2020 hifadhi ikafunga milango kwa watalii kabisa. Lakini sheria na mwenendo ni vitu viwili. Utafiti uliochapishwa 2020 kutoka Bwindi ulionyesha kwamba karibu katika ziara zote zilizochunguzwa, umbali wa mita 7 ulivunjwa. Mgeni aliyelipa mamia ya dola anataka picha, na kiongozi wake anataka bakshishi.

Katika kikao kimoja alikuwepo mfuata nyayo wa makamo, mtu wa milimani, aliyekaa karibu na mlango na kofia yake mapajani. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Tulipofika kwenye kisanduku cha mafua, mmoja wetu akasoma kwa sauti hatua ya kuzuia hatari: mfanyakazi mwenye dalili abaki nyumbani. Kisanduku kikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani palepale, maana ndivyo jedwali lilivyotengenezwa. Ukiandika hatua, rangi inashuka. Yule muzee akanyoosha mkono. "Samahani, wakubwa. Nikibaki nyumbani, siku yangu inalipwa?"

Watu wakatazamana. Yeye alikuwa mtu wa kibarua: siku ya kupanda mlima ina malipo, siku ya kulala haina. Mmoja akasema hilo ni suala la utawala, tusichanganye mambo. Muzee akaitikia kwa adabu na kunyamaza. Ila mimi nilimwona yule mama wa mawese amekaa pale pale kwenye kiti chake. Ilikuwa hesabu ile ile: labda ni mafua tu, yataisha, na watoto watakula leo. Kisanduku chetu cha kijani kilisimama juu ya kikohozi ambacho mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kukimeza.

Nilitetea kwamba kisanduku kirudishwe nyekundu mpaka siku ya ugonjwa ilipwe. Tukabishana sana. Waliopinga walikuwa na hoja: bajeti ni ndogo, watu watajifanya wagonjwa, leo ni wafuata nyayo, kesho wapagazi, keshokutwa wakata mianzi. Hoja ya kujifanya wagonjwa ndiyo iliyonigusa, kwa sababu niliisikia pia wakati wa Ebola, na majibu yake ni yale yale. Mtu mmoja akidanganya kwamba anaumwa, umepoteza ujira wa siku moja. Mtu mmoja akidanganya kwamba haumwi, unaweza kupoteza kundi zima la gorila. Kwa mtu anayepima hatari, uongo huu wa aina mbili haulingani, na ni ajabu kwamba sehemu nyingi za kazi zinatumia nguvu zote kuuzuia ule wa kwanza.

Hatimaye tulikubaliana kuongeza safu moja kwenye jedwali letu, na tangu hapo nimeibeba kila ninakoitwa. Inauliza: nani atakuwa wa kwanza kujua kwamba ugonjwa umeingia, na akisema atapoteza nini? Kwa kila ugonjwa jibu la nusu ya kwanza lilikuwa mtu yule yule wa chini. Mfuata nyayo anajua kabla ya daktari kwamba amelala na homa. Mke wake anajua kabla ya kituo cha afya kwamba mtoto ametoka vipele. Mchoma makaa anayeingia hifadhini kwa siri anajua kama anaharisha, na anajisaidia hapo hapo msituni, kwenye majani ambayo kesho yatakanyagwa na mnyama. Huyo wa mwisho hatasema kamwe, kwa kuwa kusema alikuwa msituni ni kujipeleka jela. Basi unaacha kutegemea kauli yake, na kutafuta njia nyingine ya kupunguza hatari: zahanati isiyouliza umetoka wapi, dawa za minyoo kwa kijiji kizima, nishati ya kupikia itakayopunguza idadi ya wanaoingia.

Kuna swali ambalo mtu akiandika haya kutoka Beni lazima alijibu, la sivyo anawatukana wasomaji wake. Katika mji ambao watu wamezikwa kwa makumi baada ya usiku mmoja wa mashambulizi, ni haki kweli kukaa tunapima mafua ya gorila? Nimeulizwa hivyo msibani, na aliyeniuliza hakuwa na nia mbaya. Sikumjibu kwamba gorila huleta watalii na dola, kwani kwa miaka mingi ya vita Beni haijauona huo utalii. Nilimjibu kwamba chanjo ya surua inayomlinda gorila inaingia kwanza kwenye bega la mtoto wa kijijini. Choo kinachomkinga sokwe na minyoo kinatumiwa na mtu. Siku ya ugonjwa inayolipwa inamponya baba wa watu kabla ya kumfaa mnyama yeyote. Kama mpango wa kulinda wanyama hauna vitu hivyo, ninamshauri yeyote aukatae.

Hata hivyo sitaki kupaka rangi. Si kila wakati faida ya watu na ya wanyama huenda pamoja. Kuufunga msitu kunapotokea mlipuko kunamkinga gorila, na kunamnyima kuni na maji mama aliyekimbia vita. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na kusonga kuelekea Lubero, familia nyingi zilikimbilia kaskazini. Watu waliojibanza kumi chumba kimoja, watoto wao wakiwa wamekosa chanjo kwa sababu zahanati zao zimebaki nyuma ya mstari wa mbele, ndio mazingira ambayo surua inayapenda. Huwezi kuwaambia watu hao wakae mbali na msitu kwa ajili ya gorila huku huna cha kuwapa. Tathmini yenye uaminifu inaandika gharama hiyo kwenye karatasi ile ile, kwa jina la anayeilipa, na kama hakuna wa kumfidia inakiri kwamba hatari imehamishwa tu kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu.

Vijana wa fani yangu huniuliza waanzie wapi wanapopewa kazi ya namna hii. Wengi hutegemea nitawatajia maabara. Maabara ni muhimu. Lakini huwaambia waanze na daftari la mahudhurio. Angalia ni siku ngapi za ugonjwa zimeandikwa kwa wafuata nyayo na wapagazi katika mwaka mzima. Ukikuta sufuri, usifurahi. Watu wanaopanda milima ya baridi, wanaolala kwenye moshi na kuishi na watoto wadogo, hawakosi kuugua mwaka mzima. Sufuri hiyo inakuambia kwamba wameugua na wamekuja kazini. Uliza analipwa nani, kiasi gani, siku gani, na nani anakaimu asipokuja. Kisha uliza kama watoto wao wamechanjwa, na ukaone kadi kwa macho yako. Ukimaliza hapo, fungua jedwali lako la virusi.

Gorila wa nyanda za chini wa Mashariki waliobaki duniani wanakadiriwa kuwa 6,800, na wote wako Kongo, katika mikoa ambayo mtu wa kawaida hana bima, hana mkataba wala akiba ya siku tatu. Tunaweza kununua barakoa nyingi na kupima umbali kwa kamba. Lakini mtu wa kwanza atakayejua kwamba hatari imeingia atakuwa kibarua aliyeamka na koo linalowasha, saa kumi na moja alfajiri, akiwa peke yake na hesabu yake. Bajeti ya kuwalinda gorila isiyokuwa na mshahara wa siku hiyo, kwangu mimi, haijakamilika.